Kuanzia Leo Kosa Lake ni Lake

Mimi si muntu wa kukaa. Mama yangu anasema nilizaliwa nimesimama, na kwamba hata siku ya ubatizo padri alinimwagia maji huku najivuta kuelekea mulangoni. Anaongeza chumvi, ndiyo desturi yake. Lakini karte ya kazi ya Fundi, kibali cha mwalimu wangu mugeni, ilipokaribia kwisha, hata mimi mwenyewe nilichoka na miguu yangu. Nilikula nimesimama. Kanisani nilitafuta nafasi karibu na mulango. Kazini nilizunguka tangi kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka wenzangu wakawa wananicheka.

Kazini ni kwenye kiwanda cha barafu, hapa Kalemie, upande wa bandari. Usifikiri kitu kikubwa. Ni nyumba ya mabati, ndani kuna kompreseri ya zamani inayosukuma gesi ya amoniaki, kuna tangi la maji ya chumvi, na ndani ya tangi kuna makopo marefu ya chuma ambamo maji matamu yanaganda yakawa matofali ya barafu. Ni hayo tu. Lakini nyumba hiyo ikinyamaza, mikebuka iliyovuliwa alfajiri inakuwa takataka jioni. Ndagala haina shida, unaianika kwenye muchanga, jua linafanya kazi yake. Mukebuka mubichi unataka barafu, tena unaitaka sasa hivi. Mama yangu anauza mikebuka. Nimekulia ndani ya harufu hiyo, ndiyo maana nilipomaliza shule ya ufundi, sehemu ya umeme, na kusikia kwamba kiwanda kinatafuta kijana wa kujifunza mashini, nilifika pale, mimi binti wake, kabla sijafikiri.

Mwenye kiwanda ni mwanamuke, tunamwita Mama Patron. Alikuwa amehangaika sana kutafuta muntu wa kushika ile kompreseri. Waliojua amoniaki walikuwa wamekwenda zamani kule kwenye migodi ya kusini, na waliobaki walijua frigo za nyumbani tu. Mwishowe akavuka ziwa, akarudi kutoka Kigoma na muzee mwembamba, Mwislamu, mwenye kofia ya kufuma na begi la spana lililokuwa zito kuliko yeye. Huyo ndiye Fundi. Jina analo, lakini sijawahi kumwita kwa jina, na sitaanza leo.

Sasa, mugeni haingii tu kazini hivi hivi. Serikali inauliza: wenyeji wameisha? Ikabidi Mama Patron atangaze ile nafasi, ionekane kama kuna mwenyeji anayeijua. Alikuja kijana mumoja tu, aliyekuwa akitengeneza frigo za baa. Walimufungulia mulango wa chumba cha mashini, akanusa amoniaki mara moja, akaondoka bila kuchukua kofia yake. Kofia hiyo bado inaning'inia pale kwenye musumari. Basi wakakubali kwamba kazi hii haina watu hapa kwetu, wakampa Fundi karte. Lakini wakaweka sharti: pembeni yake lazima awepo mwenyeji anayejifunza, na siku mwenyeji akijua, karte haiongezwi tena. Mwenyeji huyo, kwa lugha ya biro, yaani ya ofisini, anaitwa omologe. Omologe ndiye mimi.

Ukilisikia mara ya kwanza, sharti hilo ni zuri, na mimi sikulipinga. Mutoto wa nchi afundishwe, nani atakataa? Ila mimi ndiye niliyeishi ndani yake, nikaliona kwa ndani. Kila nilichojifunza kilimsogeza Fundi karibu na boti ya Kigoma. Akinionyesha kitu asubuhi, nakishika, nafurahi, halafu muchana naanza kutembea huku na huku kama muntu aliyesahau chungu motoni.

Na alikuwa anajua kufundisha, huyu muzee. Kifaa chake cha kwanza kilikuwa mupini wa jembe. Si jembe, mupini peke yake. Alipofika tu aliomba jembe ili alime kipande cha ardhi nyuma ya kiwanda, apande mihogo ya majani ya sombe na mahindi, na mulinzi wetu, muvivu wa kutafuta, akamletea mupini usio na chuma. Fundi aliugeuza mikononi, akasema, "Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mmenipa mpini. Sijui ndiyo kusema nikae au niondoke." Tulicheka siku nzima. Jembe alinunua mwenyewe, lakini ule mupini hakuutupa. Aliuingiza chumba cha mashini, akaegemeza ncha moja kwenye kompreseri, ncha nyingine akaibana kwenye mufupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho.

"Njoo," akaniambia. "Usisikilize kwa sikio. Sikio linasikia kelele tu. Sikiliza kwa mfupa."

Nilisikia kelele tu. Kwa muda murefu nilisikia kelele tu, nikadhani ananitania. Halafu siku moja, sijui ilitokea vipi, kelele ikafunguka. Nikasikia pistoni kwa upande wake, nikasikia vani, yaani vile vilango vya kupitisha gesi, zinavyofunga na kufungua, nikasikia gesi inavyopita kavu. Fundi aliona uso wangu. Alinimiminia chai. Alinifundisha pia kuwasha utambi wa salfa na kuupitisha kwenye mabomba ili moshi mweupe unionyeshe gesi inapovuja. Alinifundisha kwamba kompreseri ikianza kugonga, maana yake imemeza maji ya amoniaki badala ya gesi, na hapo hukimbii wala huiti watu, unafunga vani ya kuvuta, polepole, kwa mukono usiotetemeka.

Kitu kimoja tu kilinishinda. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda musikitini, Fundi alitoa mafuta. Mafuta ya kompreseri yanasafiri na gesi, yanakwenda kukaa ndani ya mabomba ya tangi, na yakijaa huko baridi haipiti. Lazima uyatoe chini, kwa vani ndogo, tone kwa tone. Ukifungua sana inatoka amoniaki, inakuchoma macho na roho. Kwa hiyo unavuta kigoda, unakaa, unafungua kidogo sana, unangoja. Fundi alikaa pale kama muntu aliye mbele ya nyumba yake. Mimi nilijaribu nimesimama, nimeinama, nimechuchumaa. Nikihesabu matone kidogo, naona nina kazi nyingine huko, nainuka. Yeye anakuja anamalizia.

"Mashine haitaki mbio, mwanangu."

"Fundi, mimi na kukaa hatupatani."

"Naona," alijibu, akakaa kwenye kigoda changu.

Kuna desturi moja lazima niiseme hapa, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Baba yake Fundi alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao, na mafundi wa mitumbwi, wa ng'ambo ile na wa kwetu, wana adabu moja. Mwanafunzi akiulizwa mbele ya mwalimu wake kama anajua kazi, anajibu "bado". Hata awe amemupita mwalimu, ni bado tu. Kujitangaza mbele ya muntu aliyekushika mukono ni kukosa malezi. Na muda wote huo, kosa la mwanafunzi ni la mwalimu: mutumbwi ukivuja, anayetukanwa ni muzee. Mpaka siku mwalimu mwenyewe anaita watu, anampa mwanafunzi chombo chake cha mukononi, na kusema mbele yao, "Kuanzia leo kosa lake ni lake." Mwanafunzi analeta kitambaa na kuku, watu wanakula, basi, ametoka. Fundi aliihamisha desturi hiyo kutoka kwenye mbao kuipeleka kwenye barafu. Nilipoacha wazi vani ya maji na kufurika mpaka barabarani, alitoka nje yeye, akawaomba radhi majirani yeye, na mimi nilisimama nyuma yake, aibu imenijaa, kumbe roho imetulia.

Karte ilipokaribia kwisha, biro ya kazi ikatuma habari: Papa Enspekta atakuja kuona kama omologe yuko tayari. Hapo ndipo miguu ilipoanza kunisumbua.

Mama Patron aliniita pembeni. "Wewe mama, sikia. Mimi ule muzee simuachi aende. Ile mashini njo roho yangu. Watakuuliza kama unajua. Sema bado. Si njo adabu yenu? Sema bado, wataongeza karte, mambo imeisha."

Nilirudi nyumbani, nikamweleza mama yangu. Alikuwa akikwangua magamba. Hakuinua kichwa.

"Nilikulipia minerval ya shule miaka yote ile," akasema, "ili uende kuambia serikali kama hujui?"

"Mama, nikisema najua, Fundi ataondoka."

"Na ukisema hujui, utakuwa musaidizi mpaka meno yakuishe. Muzee ana kwao. Wewe kwenu njo wapi?"

"Wewe mwenyewe unamupenda Fundi. Kila siku unamutumia samaki."

"Minamupenda sana," akasema, na kisu kikaongeza mwendo. "Kwani nimesema nini?"

Na mimi je? Nitasema kama ilivyokuwa. Nilimutaka aondoke na nilimutaka abaki. Nilikuwa nikiamka nikijiona nimeshika kile chumba peke yangu, watu wa bandari wananiita Fundi mimi, na moyo unapanda. Halafu naingia kazini, namukuta ameinama kwenye sombe zake, anazungumza na majani, ananiuliza kama nimekunywa chai, na ule moyo unashuka. Kompreseri peke yangu. Amoniaki peke yangu. Nikikosea, nani atatoka nje kuomba radhi? Baba yangu alifariki nikiwa mudogo, sikumbuki hata sauti yake. Sauti ya muzee anayeniita kwa upole nyuma ya mashini niliijua kwa huyu muntu wa Kigoma. Niliogopa kumupoteza, na niliogopa kwamba nilikuwa nimechoka kumungoja. Vyote viwili, kwa siku moja, kwa saa moja.

Yeye hakuniambia niseme nini. Nilimuzungukazunguka akiwa bustanini, nikitumaini atasema. Alinipa tu kapu nishike, akaendelea kuchuma.

Papa Enspekta akaja. Hakuwa muntu wa ziwa, alikulia mbali, na bado alikuwa akishangaa upepo wa kwetu unavyochukua karatasi. Alikuwa na heshima zake, sina la kumusema vibaya. Tulikaa kwenye ile biro ndogo ya kiwanda, yeye, Mama Patron, Fundi na mimi. Yaani wao walikaa. Mimi nilisimama karibu na dirisha.

"Mama, wewe njo omologe?"

"Ndiyo, Papa."

"Unajua kazi?"

Fundi alikuwa mbele yangu, mikono juu ya magoti. Hapo sikuhitaji hata kufikiri. Adabu ilinijia mudomoni yenyewe, na ujanja wa Mama Patron ukaja umepanda mugongoni mwake.

"Bado, Papa."

"Bado nini?"

"Bado ninajifunza."

Papa Enspekta aliweka kalamu mezani. Alinitazama, akamutazama Fundi, na alipozungumza hakupaza sauti.

"Muzee, huyu mama ana diploma. Yuko na wewe kila siku, tangu karte ya kwanza. Na bado hajui? Basi, iko vitu viwili. Ao wewe si fundi, ao ni fundi lakini unamufichia kazi, ili karte yako iendelee. Mimi niandike gani?"

Mama Patron alianza kucheka cheko la kusafisha hewa, halafu akaliacha njiani. Fundi akaondoa mikono magotini. Kumwambia muntu wa ziwani kwamba si fundi ni tusi dogo, atakuonyesha kazi yake, yataisha. Lakini kumwambia anaficha kazi ni sawa na kumwambia anafunika chakula watoto wakipita. Nikatamani kusema. Nikieleza kwamba bado yetu ni ya heshima, kwamba kwa kweli najua, nimemufukuza. Nikinyamaza, nimemuacha aandikwe muchoyo, na pengine watamunyima karte vile vile. Nilisimama pale, mimi mwenye miguu isiyotulia, na safari hii ikawa mizito kama makopo ya tangini.

Fundi ndiye aliyeinuka. Alivaa kofia yake vizuri, kama anakwenda kuswali.

"Zimeni mashine," akasema. "Na mwite watu wote."

Tulikuwa wachache tu: wapakiaji wa barafu, mulinzi, na wanawake wa samaki waliokuwa wakingoja nje na mabeseni, mama yangu akiwa kati yao. Wakasongamana mulangoni. Fundi aliingia chumba cha mashini, akatoka na ule mupini wa jembe, umekuwa mweusi na kung'aa kwa jasho la mikono yake na yangu. Nilijua anachofanya kabla hajafanya. Nilitingisha kichwa. Nilisema, "Fundi, hapana," kwa sauti ya chini, na nadhani alinisikia.

Akanipa mupini kwa mikono miwili.

"Huyu ni mwanafunzi wangu," akawaambia. "Sikumficha kitu. Kuanzia leo kosa lake ni lake."

Halafu akapita katikati ya watu, akatoka nje, akakaa kwenye benchi la mulinzi, mugongo ameupa kiwanda. Papa Enspekta aliinua mukono kuelekea mulango wa mashini, kunionyesha nianze. Leso alikuwa ameshaiweka puani.

Nilianza. Nilikagua mafuta, nikafungua vani ya kutoa, nikaachia umeme, kompreseri ikakohoa na kushika mwendo. Nikaegemeza mupini, nikafumba macho. Ilipita kavu mwanzo. Halafu, kwa kuwa tulizima ghafla na maji ya amoniaki yalikuwa yamerudi kwenye bomba, ikagonga. Mara moja. Mara ya pili, kwa nguvu zaidi, na wale wanawake wakarudi nyuma. Ningeweza kuiacha. Hilo lilinipitia kichwani, na nalisema: ningeweza kukimbia mulangoni kama yule kijana wa frigo za baa, Papa Enspekta angeandika bado yake, na Fundi angekula sombe zake miaka mingine. Lakini mukono wangu ulikuwa umeshafika kwenye vani ya kuvuta na ulikuwa unafunga, polepole, bila kutetemeka. Mukono haukuniuliza. Kugonga kukapungua, kukaisha. Nikaifungua tena kidogo kidogo mpaka gesi ikapita kavu.

"Muzuri sana," akasema Papa Enspekta, na alikuwa anafurahi kweli. Akarudi mezani kuandika kwamba kazi hii sasa ina muntu.

Mama Patron alipita karibu nami. "Umenimaliza, wewe," akasema, akaniminya bega.

Mama yangu alinunua kuku siku ile ile, jogoo. Nilileta kitambaa cheupe. Fundi alimuchinja jogoo mwenyewe, kwa kuwa sisi ni Wakristo na yeye hali cha kuchinja chetu, na tukala nyuma ya kiwanda pamoja na sombe za bustani yake. Alikuwa muchangamufu, akiwatania wapakiaji. Mimi sikukaa kula. Nilikuwa nabeba sahani, narudisha sahani, nachota maji ambayo hakuna aliyeyaomba, mpaka alipoondoka kunawa mikono nikamufuata kwenye pipa.

"Fundi, ulijua watakachoandika."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Alinawa mukono mumoja, akanawa mwingine. "Mwanangu, afadhali nirudi kwetu fundi kuliko nibaki kwenu mchoyo."

Nilitaka kumwambia kwamba kwetu pale hakuna hata mumoja aliyemuona muchoyo. Lakini ni kweli aliitwa hivyo mbele ya watu, na ni bado yangu iliyolivuta neno hilo. Nikamushikia taulo.

Aliondoka karte ilipofika mwisho wake, wala hakuichelewesha. Bustani alimwachia mama yangu, akamuonyesha shina hadi shina, na yule mama aliyeniambia muzee ana kwao alisimama katikati ya sombe akilia bila kujificha. Bandarini mimi nilibeba lile begi la spana. Aliniachia zile kubwa, lakini lilikuwa zito vile vile. Kitambaa cheupe alikuwa amejifunga shingoni. Boti ilipotoka, wenzangu walipunga mikono mpaka ikawa ndogo. Mimi niliondoka kabla, nikijisemea kwamba mashini haiwezi kukaa peke yake. Ni kweli haiwezi, lakini hiyo siyo sababu.

Walianza kuniita Fundi. Mwanzoni niligeuka kutafuta nani anaitwa, baadaye nikazoea, baadaye zaidi nikapenda. Kazi ilikwenda. Nilisikiliza kwa mufupa asubuhi na jioni, niliwasha salfa, nilikimbia kutoka tangi kwenda biro, kutoka biro kwenda kwa wapakiaji, na Mama Patron akasema kwamba tangu mashini iwe yangu hata barafu inatembea haraka. Mafuta nilikuwa nayatoa Ijumaa. Nimesimama. Nafungua, nahesabu kidogo, naitwa huku, nafunga, nasema nitarudi. Hakukuwa tena na muntu wa kuja kumalizia.

Kwa hiyo mafuta yakajaa kwenye mabomba, taratibu, bila kelele yoyote ambayo mufupa ungeisikia. Asubuhi moja, msimu wa mikebuka mingi, tuliinua makopo na matofali yakatoka na tumbo la maji. Kwa nje barafu, ndani maji. Wapakiaji walitazamana. Wanawake waliyachukua hivyo hivyo, maana samaki walikuwa wameshafika, na jua lilipopanda yakawa yameisha, mabeseni yamejaa maji ya uvuguvugu, mikebuka imelegea macho. Beseni la mama yangu lilikuwa hapo pia. Hakunifokea. Aliwamwaga samaki wake ziwani, akarudi nyumbani na beseni tupu kichwani.

"Ule muzee wa Kigoma hakutengeneza vizuri ile tangi," mulinzi akawa anawaeleza watu pale nje. "Aliiacha mubaya." Wakaitikia, hata Mama Patron akaitikia. Lilikuwa jambo rahisi: muntu hayupo, ziwa liko katikati. Nilikuwa nimesimama na ule mupini, na ningeweza kupita tu.

"Hapana," nikasema. "Kosa njo langu. Sikutoa mafuta."

Nikaingia ndani, nikafunga mulango, nikampigia Fundi. Kule kwao nilisikia jogoo na redio. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: mafuta, matumbo ya maji, beseni la mama. Na nitasema nilichokuwa nakitafuta kwenye ile simu. Nilitaka aseme ni la kwake. Nilitaka atoke nje anitangulie, kama zamani, awaombe watu radhi kutoka ng'ambo ile ya ziwa. Hata nikamusaidia.

"Fundi, hukunilazimisha kukaa," nikasema. "Kila mara ulinimalizia."

Redio ikazimwa.

"Ndiyo," akasema. "Kosa langu ni kwamba nilikufundisha haraka. Nilikuona una mbio, nami nikakimbia nawe, huku najua tunakimbilia wapi. Hilo ni langu, niliondoka nalo. La mafuta ni lako."

Nje nilisikia mabeseni yakigongana, wanawake wanaondoka.

"Uko wapi sasa?" akauliza.

"Kwenye vani ya mafuta."

"Umesimama?"

Nilikuwa nimesimama. Nilivuta kile kigoda kwa muguu, kilikuwa kimejaa vumbi, nikapangusa kwa kiganja. Simu nikaiweka chini karibu na bomba, bila kuikata, nikamusikia akivuta kiti chake kule Kigoma. Nikafungua vani kidogo sana. Nikakaa.